MALALAMIKO YA MGONJWA YASIACHWE YAPOTEE

Kila mwananchi aliyepata kutumia dawa za hospitali anazijua zile kero zinazofuatana nazo. Huyu humeza kwinini kwa ajili ya malaria, masikio yakamvuma. Yule hupewa dawa ya presha, akaanza kukohoa kikohozi kikavu usiku kucha. Mwingine humeza dawa ya mafua, akashikwa na usingizi mzito hata akachelewa zamu yake ya kazi. Warudipo zahanati kueleza, aghalabu hujibiwa kwa maneno machache: "Hayo ni maudhi ya kawaida, utazoea." Mgonjwa huinuka akaenda zake, na habari yake ikaishia pale pale kwenye benchi.

Sisi tunasema kwamba jibu hilo, hata likitolewa kwa nia njema, linaitia nchi hasara. Maudhi ya dawa ni habari. Ni habari ya hatari inayoweza kuua iwapo haikuandikwa, na mara nyingine ni habari ya dawa nyingine kabisa ambayo hakuna aliyeitafuta. Historia ya tiba imejaa dawa zilizozaliwa kutokana na malalamiko ya wagonjwa. Kwa hiyo suala la nani anasikiliza, nani anaandika na nani anafuatilia si la wataalamu peke yao. Ni suala la wananchi wote na viongozi wao.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini mambo huwa hivyo. Kidonge kikishamezwa huyeyuka, huingia katika damu, na damu hukizungusha mwili mzima: moyoni, kwenye figo, katika ubongo, hata kwenye ngozi. Dawa haijui kwamba imetumwa kutibu kiungo kimoja tu. Kila inapopita, ikikuta mahali pa kushika, hufanya kazi yake. Ni sisi wanadamu tuliochagua kazi moja tukaiita tiba, na zilizobaki tukaziita maudhi. Kazi iliyo maudhi kwa mgonjwa huyu yaweza kuwa ndiyo hasa anayoihitaji mgonjwa mwingine.

Tuchukue mfano wa kwinini, dawa iliyokuwa maarufu mno katika nchi zetu za joto. Mnamo mwaka 1912 daktari wa Kiholanzi wa magonjwa ya moyo, Karel Wenckebach, alijiwa na mfanyabiashara ambaye mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda ovyo. Daktari alimwambia kwamba hana dawa ya kuyarekebisha. Mfanyabiashara yule, ambaye alikuwa akiijua kwinini kutokana na malaria, alijibu kwamba kesho yake angerudi mapigo yakiwa sawa. Na kweli alirudi yakiwa sawa. Alikuwa amemeza kwinini, kwa kuwa mwenyewe alishagundua kwamba ilimtuliza moyo. Wenckebach hakumcheka wala kumkemea. Aliliandika jambo lile, na mwaka 1918 daktari mwingine, Walter Frey, akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu ya kwinini itokayo katika gome la mti ule ule, ilifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Heshima ya ugunduzi huo ni ya mgonjwa aliyesema, na pia ni ya daktari aliyekubali kusikiliza.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi, kwa sababu matunda yake yamo katika zahanati zetu leo. Mwaka 1942, wakati Ufaransa ikiwa katika dhiki ya vita, daktari Marcel Janbon wa mji wa Montpellier alikuwa akiwapa wagonjwa wa homa ya matumbo dawa mpya ya jamii ya salfa. Baadhi yao walitetemeka, wakapata degedege na kuzirai, wapo waliofariki. Walipopimwa ilionekana kwamba sukari katika damu yao ilikuwa imeshuka mno. Dawa ile ingaliweza kutupwa na mambo yakaishia hapo. Lakini habari ilimfikia mwenzake, Auguste Loubatières, naye akauliza swali rahisi: ikiwa dawa hii hushusha sukari ya mtu ambaye haikuzidi, je, itamfaa yule ambaye imemzidi? Kwa majaribio yake juu ya mbwa alionyesha kwamba dawa huichochea kongosho kutoa insulini. Katika miaka ya 1950 zikatoka dawa za kwanza za jamii hiyo za kutibu kisukari kwa kumeza, na wajukuu wake, kama vile glibenklamidi, wangali wanamezwa na wagonjwa wa kisukari katika Afrika hadi leo.

Salfa hizo hizo zilikuwa na udhia mwingine: ziliwafanya wagonjwa wakojoe zaidi na kutoa chumvi nyingi katika mkojo. Mwaka 1949 daktari William Schwartz, wa Boston nchini Marekani, aliwapa wagonjwa waliovimba maji kwa sababu ya moyo dhaifu, na uvimbe ukapungua. Dawa ile ilikuwa kali mno kwa matumizi ya muda mrefu, lakini njia ilikuwa imeonekana. Wakemia waliifuata, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa klorothiazidi, mama wa dawa za kupunguza maji ambazo leo ni miongoni mwa dawa za presha za bei nafuu kuliko zote. Mzee wa kijijini anayemeza kidonge chake cha presha kila asubuhi anatumia udhia wa jana uliogeuzwa kuwa tiba ya leo.

Hata ugonjwa wa sonona ulipata dawa zake za kwanza kwa njia hii. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View ya New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa wamekata tamaa walianza kuchangamka, wakala kwa hamu, wengine wakacheza dansi katika vyumba vya hospitali. Kufikia mwaka 1957 dawa hiyo ilikuwa imeanza kutumiwa kwa wagonjwa wa sonona. Tuongeze, kwa kuwa ukweli haugawanywi nusu nusu, kwamba baadaye iliondolewa huko Marekani kwa sababu ya kudhuru ini. Dawa ile iliyozaliwa kutokana na maudhi nayo ilikuwa na maudhi yake, na daftari halikupaswa kufungwa.

Hapa ndipo inapotulazimu kuizungumzia thalidomaidi, ambayo habari yake inabeba pande zote mbili za jambo hili. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikasifiwa kuwa salama kabisa, na ikatumiwa na akina mama wajawazito kuondoa kichefuchefu. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 1961 na kuondolewa madukani, ilikuwa imeleta msiba mkubwa: zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa wakiwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa, na wengi walifariki wangali wachanga.

Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo, na sababu yake inafaa ijulikane na kila muuguzi wa nchi hii. Mwezi Desemba mwaka 1960 daktari mmoja wa Uskochi, Leslie Florence, aliandika barua fupi katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alieleza kwamba wagonjwa wake wanne waliotumia thalidomaidi kwa muda mrefu walikuwa wakilalamika ganzi mikononi na miguuni, akauliza kama dawa ile ndiyo ya kulaumiwa. Barua hiyo ilisomwa na daktari Frances Kelsey, mtumishi wa serikali ya Marekani aliyekuwa na dhamana ya kuidhinisha dawa hiyo. Alijiuliza: ikiwa inadhuru mishipa ya fahamu ya mtu mzima, itamfanya nini mtoto aliye tumboni? Kampuni ilimsukuma sana atie sahihi. Yeye alikataa, akaendelea kudai ushahidi, hadi habari za watoto zilipojitokeza. Malalamiko ya wagonjwa wanne, yaliyoandikwa na daktari mmoja na kusomwa na mtumishi mmoja mwaminifu, yalisaidia kuokoa maelfu ya watoto.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1964 daktari Jacob Sheskin, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa ukoma mjini Jerusalem, alikuwa na mgonjwa aliyepatwa na lile badiliko kali la ukoma liletalo homa, vinundu na maumivu makubwa hata mtu asiweze kulala. Alimpa thalidomaidi apate usingizi tu. Mgonjwa alilala, na baada ya muda mfupi vinundu vikaanza kunywea na maumivu kupoa. Sheskin aliliandika jambo hilo na kulirudia kwa wagonjwa wengine. Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, watafiti wa Boston walionyesha kwamba dawa ile huzuia kuota kwa mishipa midogo ya damu, wakaona kwamba sifa hiyo ingeweza kuelezea madhara kwa mtoto tumboni na pia kuufaa ugonjwa wa saratani, ambao hutegemea mishipa hiyo ili ukue. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha thalidomaidi kwa matatizo hayo ya ukoma, na mwaka 2006 kwa saratani ya uboho, kwa masharti makali ili mama mjamzito asiiguse. Wajapani ndio waliotambua, mwaka 2010, protini ambayo dawa hiyo huishika mwilini, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba madhara yake kwa mtoto na kazi yake dhidi ya saratani hupitia mlango huo huo mmoja.

Sisi tuliopitia chuoni tangu utotoni tunakikumbuka kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema aliyekitoboa chombo cha maskini wa baharini. Musa aliona uharibifu mtupu. Baadaye akaelezwa kwamba chombo kilitiwa dosari ili mfalme dhalimu asikinyang'anye. Mtu angeweza kukitumia kisa hicho kusema kwamba kila madhara yana heri ndani yake, basi na tuyastahimili. Hayo yatakuwa makosa. Mja yule alipewa elimu ya yaliyo mbele, sisi hatukupewa. Kwa sisi tusiopewa imebaki njia moja tu: kuangalia, kuuliza, kuandika, na kuisimamisha dawa mara hatari inapoonekana. Heri iliyopatikana baadaye katika thalidomaidi haifuti hata chozi moja la wale wazazi. Nchini Brazil, ambako dawa hiyo iliendelea kutumiwa kwa ukoma, watoto wenye ulemavu ule ule walizaliwa tena. Uangalizi ukilegea, ubaya hurudi.

Kuna jambo la pili ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni la masilahi. Anayesema kwanza kuhusu udhia ni mgonjwa. Anayeandika kwanza ni muuguzi au daktari wa hospitali. Lakini anayevuna mara nyingi ni kampuni. Lenalidomaidi, dawa ya saratani ya uboho iliyotengenezwa kwa kuibadili thalidomaidi kidogo, ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2005 kwa dola 215 kidonge kimoja. Kamati ya Bunge la nchi hiyo ilieleza mwaka 2020 kwamba bei ilipandishwa mara 22 hadi kufikia dola 719. Mgonjwa wetu wa saratani, ambaye kidonge kimoja cha namna hiyo kinazidi mapato yake ya miezi, atasemaje?

Biashara pia huchagua ni udhia upi ufuatiliwe. Minoksidili ilikuwa dawa ya presha. Ilipoonekana kwamba inaotesha nywele, ikatolewa sokoni mwaka 1988 kama dawa ya vipara. Sildenafili ilijaribiwa kwa maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Wanaume waliojitolea kuijaribu waliposimulia jambo jingine, ikawa Viagra mwaka 1998. Hatusemi kwamba dawa hizo hazina faida. Sildenafili hiyo hiyo iliidhinishwa mwaka 2005 kwa presha ya mishipa ya mapafu, ugonjwa unaoua. Tunalosema ni kwamba pale ambapo anayeweza kufaidika ni maskini, soko halina haraka. Lazima awepo mwingine wa kufuatilia.

Na kwamba inawezekana kufuatilia, ushahidi upo karibu nasi, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Wananchi wengi wa mikoa yetu wanaijua ivamektini, kwa jina la Mectizan, kwa kuwa ndiyo dawa ya kingatiba ya usubi, na hutolewa pamoja na albendazoli dhidi ya matende na mabusha. Kampuni iliyoitengeneza ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure kwa ajili ya usubi. Wataalamu walikuwa wameona kwamba mbu akimnyonya mtu aliyemeza dawa hiyo, mbu hufa au hudhoofika. Kwa mgonjwa wa usubi jambo hilo halikuwa na maana. Kwa nchi zenye malaria lina maana kubwa.

Basi katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, watafiti wa Kenya pamoja na wenzao wa nje walifanya majaribio makubwa yaliyoshirikisha zaidi ya watu 20,000. Vijiji vingine vilipewa ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, vingine albendazoli ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15, maambukizi mapya ya malaria yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 katika vijiji vya ivamektini, juu ya faida waliyokuwa wakiipata kutokana na vyandarua. Asilimia 26 si kuumaliza ugonjwa, wala chandarua kisitupwe. Lakini ni watu wa Kwale, wenye lugha na mbu kama wetu, walioitoa elimu hiyo kwa miili yao na kwa saa zao za kazi. Ni haki wawe wa kwanza kufaidika nayo.

Tutoe hapa onyo. Habari za namna hii zisimfanye mtu yeyote ajigeuze maabara. Wakati wa ugonjwa wa Uviko watu katika nchi mbalimbali walikunywa ivamektini, wengine hata ile ya mifugo, ilhali majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha kwamba inaufaa ugonjwa huo. Kati ya udhia ulioonekana na dawa iliyothibitishwa kuna safari ndefu ya vipimo, nayo haina njia ya mkato.

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu haina upungufu wa utaratibu. Baada ya msiba wa thalidomaidi Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa kutoka mataifa yote, nayo Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina fomu ya njano ambayo mtoa huduma huijaza anapoona au kusimuliwa madhara. Lakini duniani kote inafahamika kwamba taarifa zinazoandikwa ni chache mno kuliko madhara yanayotokea. Fomu isiyojazwa ni karatasi tu.

Vizuizi tunavijua. Mgonjwa huona haya, au huogopa kwamba akilalamika atanyimwa dawa, basi huiacha kimya kimya. Huficha pia kwamba alichanganya dawa ya hospitali na mitishamba ya nyumbani, na kumbe huenda hapo ndipo palipo na jibu. Mtumishi naye anakabiliwa na foleni ndefu, au anadhani kwamba kuandika madhara ni kujishtaki. Wapo na wanaosema: sisi hatuna maabara kubwa, kuandika kwetu kutafaa nini? Tunawajibu kwamba ganzi iliyoandikwa na Florence haikuonekana katika maabara, wala vinundu alivyoviona Sheskin vikinywea. Vilionekana kwa macho, kando ya mgonjwa. Macho hayo tunayo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matano. Kila mtoa huduma, na kila muuza duka la dawa, aulize swali moja kabla mgonjwa hajaondoka: "Dawa uliyotumia mara ya mwisho ilikufanyaje?" Halmashauri zihesabu taarifa zilizotumwa kama zinavyohesabu chanjo, na mtumishi anayeandika apongezwe asiogopeshwe. Viongozi wa vijiji, mitaa na mashina, ambao huhamasisha watu wakati wa kingatiba, wahamasishe pia utoaji wa habari baada ya kingatiba. Na vyuo vyetu vikuu pamoja na taasisi za utafiti zizisome taarifa hizo kwa jicho la kutafuta tiba na wala si kwa jicho la kuhesabu madhara peke yake. Na pale ambapo uchunguzi wa watu wetu utazaa dawa, mikataba iandikwe mapema ili dawa hiyo irudi kwao kwa bei wanayoimudu.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Waliwaambia wafanyabiashara, lakini neno hilo linatuhusu sote. Kila siku wagonjwa wetu wanaleta mali hiyo hadi kwenye meza ya zahanati, bila kudai malipo. Muuguzi aulize, mgonjwa aseme kweli, na lililosemwa liandikwe.